Kambi ya Mshirika Mpakani: Ya Kupangisha, ya Mafunzo, au ya Kazi Moja?

Tangu kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020 na watu waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, kuna swali ambalo halijaondoka katika mabaraza ya huku Mtwara: nchi inayopakana na vita ilifungulie mlango jeshi la nchi rafiki, na kama italifungulia, iwe kwa masharti gani? Jibu hutegemea umri wa mjibuji. Vijana wanaopita kila siku jirani na mtambo wa gesi wa Madimba husema kwamba mali kama ile inahitaji mlinzi mwenye nguvu, hata akiwa mgeni. Wazee waliokuwa watoto wakati wa vita vya ukombozi huuliza kwanza mgeni huyo ataondoka lini. Swali hili ni la barazani tu, wala sidai kwamba liko mezani mwa serikali. Hata hivyo ni afadhali tulipime mapema, kwa sababu mikataba ya aina hii mara nyingi huwafikia wananchi ikiwa imekwisha kutiwa saini.

Ninalinganisha hapa njia tatu. Ya kwanza ni kambi ya kudumu inayolipiwa pango, na mfano wake mkubwa barani Afrika ni Djibouti. Ya pili ni ruhusa ya mafunzo, ambapo jeshi la kigeni huja kwa zamu kutumia ardhi ya mwenyeji, kama wafanyavyo Waingereza huko Nanyuki, Kenya. Ya tatu ni kikosi kinachoitwa kwa kazi moja iliyotajwa, kama vile vilivyoingia mwaka 2021 Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma lenye uasi. Iko pia namna ya nne, ambayo sisi wa kusini tuliiishi wenyewe, nayo ni kuwapa kambi wapiganaji ambao nchi yao ilikuwa bado haijakombolewa. Hiyo nitaitumia kama mizani ya kupimia zile tatu, kwa kuwa gharama yake hatukusimuliwa.

Fedha ya pango

Djibouti ni nchi ya watu takriban milioni moja, yenye ardhi kame isiyolimika kwa sehemu kubwa, lakini imekaa kwenye mlango bahari wa Bab el-Mandeb, ambako meli zinazokwenda na kutoka Mfereji wa Suez hazina budi kupita. Kwa hiyo imeuza kile ilichojaliwa, yaani mahali ilipo. Wafaransa walibaki hata baada ya uhuru wa mwaka 1977. Wamarekani waliingia Camp Lemonnier kufuatia mashambulio ya Septemba 2001, Japani ikafungua kambi yake mwaka 2011, na China ikafuata Agosti 2017, kilomita chache tu kutoka walipo Wamarekani. Mkataba uliohuishwa mwaka 2014 uliifanya Marekani ilipe takriban dola milioni 63 kwa mwaka.

Kwa Djibouti hizo ni fedha nyingi. Kwa nchi yenye mashamba, madini na bandari kadhaa, hesabu ni nyingine. Msimu mmoja mzuri wa korosho huiingizia Tanzania mara kadhaa ya kiasi hicho, na fedha ya korosho, pamoja na makato yote tunayoyalalamikia, hupita mikononi mwa mkulima wa Newala na Tandahimba. Pango la kambi huingia hazina moja kwa moja, na kijiji kilicho jirani na uzio huambulia kazi za usafi, ulinzi na biashara ndogondogo. Ninatambua kwamba kazi ya usafi nayo ni kazi, na aliyeipata hapendi kuambiwa kwamba ni ndogo. Ninachosema ni kwamba asidhani kuwa dola milioni 63 zitapita mlangoni kwake.

Faida moja ya Djibouti isipuuzwe: mpangishaji mwenye wapangaji wengi ana sauti kuliko mwenye mpangaji mmoja. Lakini wapangaji hao si lazima wapatane. Mwaka 2018 Marekani ililalamika kwamba marubani wake walikuwa wakimulikwa kwa leza kutoka upande wa kambi ya China, na China ikakana. Mwenye nyumba alikuwa katikati ya ugomvi ambao hakuuanzisha na asingeweza kuuamua.

Ruhusa ya mafunzo na kikosi cha kazi moja haziingizi fedha ya kulinganishwa na hiyo. Tena kikosi cha kazi moja huuliza swali la upande wa pili: nani anamlipa askari? Kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kiliingia Msumbiji Julai 2021 na kuondoka Julai 2024, na uhaba wa fedha ulikuwa miongoni mwa sababu za kuondoka kwake. Wanajeshi wa Rwanda, ambao walikuja mwezi uleule kwa makubaliano ya nchi mbili, walibaki, na Umoja wa Ulaya uliwachangia euro milioni 20 mwishoni mwa mwaka 2022 na nyingine kama hizo Novemba 2024. Anayeilipia kazi huwa na neno katika kupanga ifanyike wapi. Hivyo haishangazi kwamba uzito wa Rwanda ulielekezwa Palma na Mocímboa da Praia, kwenye njia ya mradi mkubwa wa gesi wa Afungi, ingawa ni haki kusema pia kwamba huko ndiko waasi walikokuwa wamejichimbia.

Nani atamhukumu askari

Kama ningeruhusiwa kusoma kifungu kimoja tu cha mkataba wa kambi, ningeacha cha fedha nikasoma cha mahakama. Mikataba ya hadhi ya majeshi ya kigeni huwa na mgawanyo unaofanana karibu kila mahali: kosa alilolitenda askari akiwa kazini huhukumiwa na nchi yake, na alilolitenda nje ya kazi huhukumiwa na mwenyeji. Kwenye karatasi mgawanyo huo ni mzuri. Ugumu huanza pale inapobidi kuamua nani anatamka kwamba askari alikuwa kazini, nani anamshikilia wakati wa upelelezi, na nini hufanyika akiwa amekwisha kupanda ndege.

Kisa cha Nanyuki kinatosha kulieleza hilo. Agnes Wanjiru, binti wa miaka 21 na mama wa mtoto mchanga, alitoweka Machi 2012 baada ya kuonekana hotelini pamoja na askari wa Uingereza waliokuwa mafunzoni, na mwili wake ukakutwa katika shimo la majitaka la hoteli hiyo. Uchunguzi wa mahakama ya Kenya ulimalizika mwaka 2019 kwa kuelekeza kidole kwa askari wa Uingereza, na hati ya kumkamata mtuhumiwa, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha jeshi, ilitolewa Nairobi Septemba 2025. Kati ya kifo na hati ni zaidi ya miaka 13. Bunge la Kenya lilipoujadili mkataba mpya wa ulinzi na Uingereza mwaka 2023, swali la nani amshtaki askari anayetuhumiwa kwa mauaji lilikuwa miongoni mwa yaliyozua mjadala mkali zaidi.

Mafunzo yana pia madhara yasiyo na mkosaji mmoja wa kumkamata. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa wafugaji wa Kenya waliouawa ndugu zao au kujeruhiwa na mabomu yaliyoachwa katika malisho bila kulipuka, na mwaka 2021 moto uliozuka wakati wa mazoezi uliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya Lolldaiga. Kwa hiyo anayedhani kwamba mafunzo ni njia laini kwa sababu askari huja na kuondoka, ajue kwamba risasi na mabomu yao si lazima yaondoke nao.

Kambi ya kudumu haiko salama zaidi katika hili. Pengine ni mbaya zaidi kwa sababu mzigo huangukia mahali pamoja kizazi baada ya kizazi. Okinawa ni asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, lakini imebeba takriban asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Wamarekani peke yao nchini humo. Mwaka 1995 wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumbaka msichana wa miaka 12, na kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1960 upande wa Marekani ulikuwa na haki ya kuwashikilia hadi watakaposhtakiwa rasmi. Maelfu kwa maelfu ya watu waliandamana, na ndipo Marekani ikakubali kufikiria kwa wema ombi la kuwakabidhi mapema watuhumiwa wa mauaji na ubakaji. Kufikiria kwa wema si kulazimika, na tofauti hiyo ndiyo ya kuitafuta unaposoma mkataba wowote. Anayeishi Tokyo huijadili kambi kama sera ya nchi. Anayeishi Okinawa huisikia kila ndege inaporuka. Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa sana maana ya uamuzi wa taifa kuangukia mkoa mmoja.

Ngao au shabaha

Wanaotetea kambi husema kwamba adui hathubutu kugusa nyumba yenye mlinzi mkubwa. Hoja hii ina ukweli, na aghalabu wapinzani wa kambi huipita haraka. Korea Kusini ina askari takriban 28,500 wa Marekani, na kazi yao kubwa si idadi yao bali ni kumfanya anayefikiria kuvamia kutoka kaskazini ajue kwamba siku ya kwanza tu atakuwa amewaua Wamarekani. Dhidi ya dola yenye jeshi, vifaru na mipaka inayojulikana, amana ya namna hiyo inafanya kazi. Ufilipino, ambayo baraza lake la seneti liliikataa kambi ya Subic kwa kura 12 dhidi ya 11 Septemba 1991, iliwarudisha Wamarekani kwa mkataba wa mwaka 2014, kwa zamu na ndani ya kambi za Wafilipino wenyewe, ilipoona China inasogea katika bahari inayogombaniwa.

Lakini adui aliyeingia Kitaya hakuwa dola. Alikuja kwa miguu na mitumbwi, usiku, akachoma nyumba, akaua, akarudi ng'ambo. Dhidi ya mtu wa namna hiyo tuna mfano wa karibu sana, katika pwani hii hii ya Waswahili. Tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wachache wa al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, uliokuwa ukitumiwa na jeshi la Marekani, wakawaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Kambi iliyokusudiwa kuwa ngao ilihitaji kujikinga yenyewe. Uzio mrefu na droni za gharama kubwa hazijui ni mtumbwi gani mtoni ni wa mvuvi na upi si wa mvuvi. Hilo hujulikana na mvuvi mwenzake, na atalisema tu kwa askari anayeelewana naye.

Upande wa shabaha una mfano mwingine wa juzi. Tarehe 23 Juni 2025 Iran iliirushia makombora kambi ya Al Udeid nchini Qatar, kwa kulipiza kisasi mashambulio ya Marekani dhidi ya mitambo yake ya nyuklia. Qatar haikuishambulia Iran. Ilikuwa mwenyeji tu.

Hapa ndipo ile namna ya nne, mizani ya Nachingwea, inapohitajika. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliasisiwa Dar es Salaam Juni 1962 na kuanza vita Septemba 1964, na kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, katika ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza, mradi uleule uliotuachia bandari ya Mtwara na tuta la reli lisilo na reli. Samora Machel alikuwa miongoni mwa waliowafunza wapiganaji pale. Tanzania haikupokea pango. Ilitoa ardhi na njia ya kupitisha silaha. Gharama ilikuja pia: Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu la kifurushi jijini Dar es Salaam, Februari 1969, na mabomu ya kutegwa ardhini yaliua na kulemaza watu upande wetu wa Ruvuma. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, yapo makaburi ya askari wetu walioanguka katika mapambano ya Msumbiji. Tulikuwa shabaha, tena tukijua. Tofauti na Qatar ni kwamba vita vile tulivichagua, na lengo lake lilielezwa waziwazi kwa kila mtu aliyetakiwa kulibeba.

Mlango wa kutokea

Kwa maoni yangu, hiki ndicho kigezo kinachopaswa kutangulia vyote, kwa sababu makosa katika fedha na hata katika mahakama yanaweza kurekebishwa na mwenye uwezo wa kusema kwaheri. Asiye na uwezo huo hurekebishiwa.

Cuba ilipangisha Guantanamo kwa Marekani mwaka 1903, na mkataba wa mwaka 1934 ukasema kwamba upangaji utaisha pande zote mbili zikikubaliana au mpangaji akihama. Mpangaji hajahama. Marekani imekuwa ikiandika hundi ya dola 4,085 kila mwaka, na serikali ya mapinduzi imekuwa ikikataa kuzichukua fedha hizo, jambo ambalo halijamwondoa mtu yeyote. Katika bahari yetu wenyewe, visiwa vya Chagos vilitengwa na Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wake, na wenyeji wakaondolewa kati ya mwaka 1968 na 1973 ili Diego Garcia iwe kambi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwaka 2019 kwamba utengaji ule haukuwa halali. Mkataba uliotiwa saini Mei 2025 ulikusudia kuirudishia Mauritius mamlaka, na papo hapo kuipangisha kambi hiyo kwa miaka 99. Mchagosi aliyepakiwa melini akiwa mtoto hataiona siku ya mwisho ya mkataba huo.

Kutoka kwa ghafla nako kuna hasara. Niger iliwaamuru Wamarekani kuondoka Machi 2024, na ilipofika Septemba walikuwa wameondoka katika kambi ya Agadez iliyojengwa kwa takriban dola milioni 110. Mwenyeji alibaki na njia ya kurukia ndege na vita vilevile. Hata hivyo, nadhani mwenyeji anayemtoa mgeni hivyo hakuonyesha nguvu. Ameonyesha kwamba mkataba haukuwa na mlango, ikabidi abomoe ukuta.

Kikosi cha kazi moja hapa kina alama nzuri kuliko vyote, ingawa si kamili. Kile cha SADC kiliongezewa muda tena na tena kabla ya kuondoka, na kilipoondoka Cabo Delgado ilikuwa bado haijatulia, kiasi kwamba Tanzania ilibakiza askari wake Nangade kwa makubaliano na Msumbiji. Tarehe kwenye karatasi haimalizi uasi. Lakini inailazimisha serikali irudi kueleza kwa nini kikosi kinaongezewa muda, na hilo peke yake ni jambo ambalo mwenyeji wa kambi ya kudumu halipati. Sisi wenyewe tulionja njia hii mapema. Askari wa Tanganyika walipoasi Januari 1964, serikali iliwaita Waingereza. Makomando wao walitua tarehe 25 wakazima uasi, na baada ya muda mfupi nafasi yao ikachukuliwa na kikosi kutoka Nigeria hadi jeshi jipya lilipoundwa, likazaliwa JWTZ Septemba mwaka huohuo. Kumwita mkoloni wa jana ilikuwa aibu kubwa kwa taifa la miaka miwili. Kilichoifanya aibu ile ivumilike ni kwamba kazi ilikuwa moja, na ilikwisha.

Nachingwea pia iliisha. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na waliokuwa wageni wakavuka mto kwenda kwao.

Ipi kwa nani

Nchi ndogo yenye mahali pa thamani na isiyo na riziki nyingine ina sababu ya kupangisha, mradi iwe na wapangaji zaidi ya mmoja na miaka inayohesabika. Nchi inayotishiwa na jirani mwenye jeshi kubwa ina sababu ya kukubali kambi ya mshirika hata bila pango, na ingekuwa ni ubishi kuinyima sababu hiyo kutoka kwenye usalama wa barazani kwetu. Nchi inayotaka ujuzi kwa ajili ya jeshi lake inaweza kuruhusu mafunzo, ikiwa mahakama zake zitashika kosa lolote la nje ya kazi, mtuhumiwa atabaki nchini hadi kesi imalizike, na fidia ya malisho na mabomu yaliyobaki itawekwa amana kabla risasi ya kwanza haijapigwa.

Kwa mpaka wa Ruvuma, ambako adui ni kundi dogo linalojificha kati ya watu, ningechagua njia ya tatu, tena kwa masharti manne. Mgeni akae ndani ya kambi ya JWTZ na chini ya ratiba yake, asijenge ya kwake. Kazi itajwe kwa sentensi inayoeleweka na mwenyekiti wa kijiji. Muda usizidi mwaka mmoja bila kurudi bungeni. Na anayemlipa mgeni huyo ajulikane kwa jina, hasa kama ana kisima cha gesi au leseni ya kuchimba umbali wa kusikika kutoka hapo. La mwisho ndilo ninalotarajia lipingwe zaidi na wanaoandika mikataba, na kwa sababu hiyo ningelianza nalo mezani.